Aliyekaa na Pacha Wangu Ukingoni

Kwanza nikuombe kitu kimoja. Usiniambie nilikuwa na malaria. Hilo nimeshaambiwa na shemeji yangu, nimeambiwa na jirani, nimeambiwa hata na yule dada anayepanga chumba cha nyuma ya banda langu la cherehani, na wote nimewajibu vilevile: malaria haing'oi nywele za mtu pamoja na ngozi yake. Wala usiniambie ilikuwa usiku na usiku macho yanadanganya. Ilikuwa mchana, jua lile la kiangazi linalofanya mbuzi wagombanie kivuli cha ukuta. Nilikuwa nimekula, nimekunywa maji, akili zangu zote ziko kichwani. Mungu akitaka kunihukumu kwa uongo, anao mwingi wa kunihukumu nao, lakini si huu.

Mimi ni pacha. Mwenzangu ni Kulwa, mimi ni Doto, kama tunavyoitwa Wasukuma, anayetoka kwanza na anayefuata. Baba yetu alihamia Katavi na ng'ombe wake kutoka Shinyanga kabla hatujazaliwa, akaweka boma Mwamkulu. Kulwa ameolewa hukohuko, analima mpunga. Mimi nilikuja mjini Mpanda, nashona nguo Kashaulili, karibu na soko. Tulipokuwa wachanga mama alitufunga uzi, mmoja mkononi, mwingine mguuni, asije akamnyonyesha mmoja mara mbili na mwingine akalala na njaa. Kwa hiyo elewa mapema: mimi kuiona sura yangu kwa mtu mwingine hakunishtui. Nimezaliwa nikiiona.

Kulwa alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, Neema. Masika moja Neema alishikwa na homa, mto umejaa, njia imekatika, akafia mgongoni kwa mama yake wakihangaika kutafuta pa kuvukia. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuhesabu vidole vyake. Tukamzika. Tangu hapo Kulwa akawa mtu wa kukaa. Anapika, anapalilia, kisha anakaa anatazama chini. Mimi nilikuwa naenda kila Jumapili, nampelekea sukari, sabuni, na umbea wa mjini. Neema sikumtaja. Hakuna aliyemtaja. Tuliona kumtaja ni kumtonesha kidonda. Wewe ungefanyaje?

Basi siku moja amekuja mjini kununua mbolea, akakaa bandani kwangu kupumzika. Kuna mteja alikuwa amenitumia picha kwenye simu, anataka nimshonee gauni kama la mwanamke aliyepigwa ile picha. Nyuma ya yule mwanamke kulikuwa na kisiwa cha Ugiriki: maji ya buluu, mchanga, na juu ya majabali nyumba nyeupe zimetua kama yangeyange kwenye mgongo wa ng'ombe. Kulwa akaichukua simu, akaitazama sana.

"Huku watu wanaishi kweli, juu hivi?"

"Wanaishi."

"Sasa wanapandaje na ndoo ya maji kichwani?"

Nilicheka, halafu nikasimamisha cherehani. Tangu mazishi dada yangu hakuwa ameuliza swali lolote. Hata bei ya kitu alikuwa haulizi, analipa tu.

Nikamwambia, Ugiriki hatuendi, lakini na sisi tunalo ziwa letu. Hapa na Karema ni safari ya siku, na nimesikia kuna vijiji kule vimekaa juu ya majabali, ukisimama unaitazama Kongo ng'ambo. Twende tukatembee kama watu wenye raha zao. Aliniangalia kana kwamba nimemtukana. Kisha akasema, "Twende."

Nikajishonea gauni la safari. La njano, lina maua meusi, kipande cha mwisho kilichobaki kwenye jora. Nalitaja kwa sababu ukiona mtu mwingine nchi hii amelivaa, kuna kitu hakiko sawa.

Tukafika Karema jioni, tukalala gesti. Asubuhi tukashuka ziwani.

Nyie watu wa Pwani mtatucheka, lakini ngoja nikwambie, ukiliona Ziwa Tanganyika asubuhi, upepo haujaamka, utaona aibu kwamba umezeeka bila kuliona. Maji yamelala, unaona mawe chini kana kwamba umeyamwagia mafuta ya taa. Mchanga umejaa magamba ya konokono madogomadogo. Kulwa akavua kandambili, akaingia hadi magotini, akasimama. Mawimbi madogo yakawa yanamgonga, yanarudi. Akageuka akanitazama, na nikaona jino lake la pembeni, lile lililopinda kama langu. Alikuwa anatabasamu. Nikasema moyoni, asante Mungu, nimemrudisha.

Mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, tulimkuta mwanamke anaanika dagaa. Mama Tausi, makamo yetu, mkali mkali wa sauti lakini mkarimu. Alituchomea migebuka, samaki wa ziwa hilo, akatupa na ugali. Tukala tukiwa tumekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nikamuuliza habari za kijiji tunachokiona juu ya jabali upande wa kusini. Jina lake nalijua, ila silitaji, kwa sababu kuna watu wema wanaishi kule na sitaki wakimbiwe.

"Nendeni tu," akasema. "Watu wa kule hawana shida. Wasalimieni. Njia ndiyo hiyo inayopanda." Akageuza dagaa wake kwa mkono. Kisha akasema, bila kutuangalia, "Ila mkifika kule juu, kaeni pamoja. Nyie wawili msiachane."

"Kwa nini?" nikauliza. "Kuna vibaka?"

"Hakuna vibaka."

"Sasa nini?"

"Mtu akibaki peke yake kule, anapata mwenzake," akasema. "Basi. Ongeza ugali."

Nikadhani ni mambo ya wanaume. Nikacheka. Kulwa hakucheka, lakini Kulwa siku hizo hakuwa mtu wa kucheka.

Tulipanda taratibu, jua linatupiga kisogoni. Njia inazunguka jabali, upande mmoja mwamba, upande mwingine hewa tupu na ziwa chini. Kijiji chenyewe ni nyumba chache za tofali za kuchoma, bati zina kutu, nyavu zimetandazwa juu ya miiba. Saa hiyo watu wengi walikuwa mashambani au wamelala. Mwanamke mmoja alitupa maji ya kunywa mlangoni, akatuelekeza mahali pa kuona ziwa vizuri, nyuma ya nyumba ya mwisho. Tukapiga picha palepale mlangoni kwake. Kulwa akaniuliza kama ile milima ya buluu kabisa kule ndiyo Kongo. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama na wao wanatuona sisi buluu. Alikuwa anauliza maswali, unaelewa? Nilikuwa na furaha ya kijinga.

Tukapita nyumba ya mwisho hadi kwenye bapa la mwamba, pana kama uwanja wa kuanikia mpunga, kisha ukingo, kisha hakuna kitu. Kulwa akakaa kwenye jiwe, mbali na ukingo. Nikajipapasa, simu sina. Nilikuwa nimeiweka ukutani kwa yule mwanamke tulipomaliza kupiga picha.

"Nisubiri hapahapa," nikamwambia. "Nakuja sasa hivi."

Sikukumbuka maneno ya Mama Tausi. Ningeyakumbuka vipi? Ilikuwa mchana, mbuzi wanalia, naona paa la nyumba pale karibu. Nikaenda, nikaichukua simu, nikashukuru, nikarudi. Sikukawia. Chungu cha maharage kisingechemka.

Niliporudi waliokaa pale walikuwa wawili.

Niliwaona migongo. Kulwa na kitenge chake cha kijani, na pembeni yake mwanamke amemkumbatia mabegani. Nikadhani ni mwenyeji amekuja kupiga stori. Nikapiga hatua kadhaa nikitaka kusalimia, ndipo nikaliona gauni. Njano, maua meusi. Nikajitazama kifuani kama mjinga, kuhakikisha langu ninalo. Ninalo. Na lile liko pale. Hata doa la maji pindoni, nilipolowana asubuhi kule ziwani, lilikuwepo.

Akageuza shavu kumnong'oneza Kulwa, nikaona ni mimi. Nimeshakwambia sura hainishtui. Lakini mimi nina kovu la kuungua na pasi chini ya sikio, Kulwa hana. Yule alikuwa nalo. Nywele nilikuwa nimesuka yebo wiki ileile, na yule amesuka yebo, na mstari mmoja umepinda palepale ambapo msusi wangu alikosea.

Kulwa alikuwa analia. Analia kwa sauti, mdomo wazi, mwili mzima unatikisika, kilio ambacho hakulia hata makaburini. Na yule anamfuta machozi kwa pindo la gauni langu, taratibu, anamwambia, "Lia, mama. Lia. Neema anajua. Neema hajakasirika."

Sikiliza. Kuna kuogopa kwa mwili, na kuna kuogopa kwingine ambako sijui kunakaa wapi. Miguu ilikufa. Nikawaona wanasimama, wameshikana mikono kama tulivyokuwa tunashikana tukienda shule, wanatembea kuelekea ukingoni. Hawakimbii. Wanatembea kama watu wanaokwenda kisimani.

"Kulwa!" nikapiga kelele.

Akageuka. Aliponiona, uso wake ukabadilika, akajificha nyuma ya yule, akamshika kiunoni, akauliza kwa sauti ya kitoto, "Doto, ni nini hicho?"

Alikuwa anamuuliza yeye. Kuhusu mimi.

"Usikitazame," yule akajibu, kwa sauti yangu, sauti ninayoisikia kila siku nikiongea na wateja. "Kimetufuata kutoka mjini. Twende, mtoto anasubiri."

Hapo miguu ilirudi. Nilikimbia nikamshika Kulwa mkono, nikamvuta kwa nguvu zangu zote hadi akaanguka kwa magoti. Yule akanirukia. Mungu wangu, zile nguvu. Mimi nimekua na ng'ombe, nimeshawahi kuburuzwa na dume, najua nguvu za mnyama. Hizi zilikuwa nyingine. Alinishika shingo kwa mkono mmoja akanibamiza mgongo kwenye mwamba, hewa yote ikatoka. Akanibamiza tena. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama jembe lililolala nje, na wakati ananikaba uso wake, uso wangu ule, ulikuwa unalia. Machozi yanatiririka huku ananiua, na mdomo unaita, "Kulwa! Kulwa, linaniua! Nisaidie, dada!"

Nilimng'ata mkono. Niling'ata kama mbwa, hadi meno yakakutana. Hakukuwa na damu. Mdomo wangu ulijaa kitu kama udongo wa mfinyanzi, mbichi, una mchanga ndani. Nikatema, nikakamata hereni yake, hereni yangu, nikaivuta. Sikio likachanika kutoka tundu hadi chini. Akaniachia kidogo. Nikampiga ngumi ya pua, nikapanda juu yake, nikawa nampiga kichwa chini, nampiga na kumpiga, na kila nikimpiga naona sura yangu inapigwa. Sijui kama unaweza kuelewa jambo hilo. Nisingependa uelewe.

Ndipo jiwe likatua.

Sikuliona. Niliona mwanga mweupe, kisha upande wa kushoto wa dunia ukazimika. Nikaanguka ubavu. Jiwe likashuka tena, mdomoni, nikasikia meno yanaachia. Nikamuona Kulwa amesimama juu yangu, ameshika jiwe kwa mikono miwili kama anatwanga, anapiga kelele, "Mwache ndugu yangu! Mwache ndugu yangu!" Akanipiga la bega. Mfupa ukalia.

Nikajaribu kusema "Ni mimi." Damu ilikuwa imejaa mdomoni, kikatoka kitu kama mkoromo. Na yule aliyekuwa chini akainuka, akapangusa vumbi magotini, akasema vizuri, kwa utaratibu, "Ni mimi, Kulwa. Ni mimi. Limalize, tuondoke."

Kulwa akainua jiwe.

Nililitazama kwa jicho moja lililobaki. Nakwambia ukweli, sikuwaza Mungu wala watoto wangu. Niliwaza tu kwamba anayeniua ni Kulwa. Jiwe likabaki juu. Linatikisika. Damu yangu ilikuwa inatiririka kutoka kwenye jiwe hadi viganjani mwake, inashuka kwenye viwiko, inadondoka kwenye kitenge. Akaitazama. Kisha akamtazama yule pembeni yake. Sikio lililopasuka lilikuwa linaning'inia, na pale lilipopasuka ni pakavu, kama tope la jaruba la mpunga kiangazi. Kwenye mkono wake alama za meno yangu zimezama, zina ukingo, kama umebonyeza kidole kwenye chungu kibichi.

"Doto," Kulwa akasema polepole. "Mbona hutoki damu?"

Yule alikuwa bado analia. Akaacha. Si kwamba alinyamaza kama mtu anavyonyamaza, akimeza, akipumua. Aliacha kama redio iliyozimwa. Machozi yakabaki mashavuni, lakini uso ukawa hauna kitu.

Kulwa akampiga jiwe katikati ya uso huo. Nilisikia lilivyoingia, kwa sauti ya kitu kinachobonyea. Yule hata hakuyumba. Alinyoosha mkono, akazikamata nywele za Kulwa, zote za utosini, akageuka, akaanza kutembea kuelekea ukingoni akimburuza nyuma kama mtu anayeburuza gunia. Kulwa anapiga mateke, anakwangua mwamba kwa kucha, kucha zinabaki pale. Mimi nilitambaa. Bega moja lilikuwa limevunjika, nilitambaa kwa mkono mmoja na magoti, nikamkamata Kulwa kifundo cha mguu, nikapitisha miguu yangu kwenye ufa wa mwamba nikakaza.

Yule akafika ukingoni, hakusimama. Akaendelea kutembea. Alishuka hewani kama unavyoshuka ngazi, na uzito wake wote ukaning'inia kwenye nywele za dada yangu.

Kelele aliyopiga Kulwa siwezi kuiandika. Nilimshika. Nilikuwa nasikia kitu kinachanika, kama shuka jipya ukilichana kwa mikono, na sikuachia. Nilijua kinachochanika ni nini, na sikuachia. Kisha uzito ukaisha ghafla, tukarudi nyuma wote wawili, na ngozi ya utosi wa Kulwa, na nywele zake, zikaenda na yule.

Nilitambaa nikachungulia. Chini kulikuwa na mchanga mweupe, mtumbwi, na wavuvi wawili wanashona nyavu. Hakuna mtu aliyeanguka. Hata hawakuinua vichwa.

Namna tulivyoshuka sikumbuki vizuri. Nakumbuka Kulwa amenibeba mgongoni, damu ya kichwa chake inaniingia mdomoni, na anarudia neno moja tu, "Nisamehe, nisamehe, nisamehe." Mama Tausi alituona kwa mbali akaacha dagaa wake. Hakuuliza. Alichana kanga yake akatufunga, akaita pikipiki mbili.

"Niliwaambia nyie msiachane," akasema, na alikuwa analia kwa hasira. "Niliwaambia!"

Wakati tunasubiri pikipiki akatuambia jambo lake. Mume wake alipotea kule juu. Watu wa kijijini walimuona mchana, anatembea ukingoni ameshikana mkono na mke wake. Na Mama Tausi siku hiyo alikuwa mwaloni tangu asubuhi, wavuvi wote wanashuhudia. "Lakini mama mkwe hadi leo hanisalimii," akasema. "Anasema mwanangu alionekana na wewe. Nami nitamwambia nini? Ni kweli alionekana na mimi."

Kule zahanati nesi aliuliza nani amenipiga. Kulwa akajibu, "Mimi." Nesi akaniangalia, akasema suala hilo ni la polisi. Nikaandika kwa kidole chenye damu kwenye shuka, kwa kuwa mdomo haufunguki: nilianguka. Akatutazama wote wawili, sura moja, mmoja hana ngozi ya utosi, mwingine hana jicho. Hakuuliza tena. Tulipelekwa Mpanda usiku uleule.

Jicho la kushoto lilikufa. Meno nimeweka ya bandia, bega linauma kila mawingu yakijikusanya. Kulwa utosi wake umefunga, lakini nywele hazioti tena, ni ngozi laini inayong'aa, anaifunga kilemba. Shemeji yangu anaamini tuligombania mwanaume. Hajasema mbele yangu, lakini anaamini. Watoto wangu walikuwa wananiogopa, hasa nikiingia ndani kimya. Siku hizi nikifika mlangoni nakohoa kwanza, na mdogo anakuja ananishika mkono, anaugeuza, anatazama kama una joto. Sikumfundisha mimi.

Kuna swali nilikaa nalo muda mrefu. Unaweza kulidhani. Tulikuwa wawili pale chini, tunafanana kwa kila kitu, wote tunaita jina lake. Kwa nini alinipiga mimi?

Nilimuuliza Jumapili moja kule Mwamkulu, tunapembua mchele. Hakuinua uso.

"Kwa sababu yule alinitajia Neema," akasema. "Nikasema huyu ndiye ndugu yangu. Wewe ulipokuja unakimbia, na uso ule... nikasema hiki ndicho kinachojifanya."

Ungo ukaendelea kurushwa. Baadaye akasema, kwa sauti ndogo zaidi, "Doto, usikasirike. Siku nyingine namkumbuka."

"Nani?"

"Yule. Alinisikiliza vizuri sana."

Siku hizi tunamtaja Neema. Tunamtaja hadi Kulwa anasema basi. Nimejifunza kumuuliza Neema alikuwa anahesabuje vidole, na alikuwa anaruka cha ngapi. Lakini naona wakati mwingine ananitazama nikiongea, anapima, kama mtu anayelinganisha vitambaa viwili. Sijui kati yangu na yule ni nani anayeshinda.

Na jambo hilo halijaisha, ndiyo maana nakusimulia. Kuna mfanyabiashara wa samaki huleta migebuka sokoni kwetu. Majuzi alipita bandani akanilaumu. "Fundi, unaringa siku hizi? Nilikusalimia kule juu ya jabali, umekaa peke yako, hukuniitikia." Nikamuuliza nilivaa nini. Akasema, "Si gauni lako lile la njano." Lile gauni nililichoma moto mimi mwenyewe, nyuma ya nyumba, siku niliyotoka hospitali. Nikamuuliza nina macho mangapi kule. Akacheka, akadhani namtania. Akasema, "Mawili, mazuri tu."

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kama unapanga kwenda kutembea kule, nenda. Kaoge, kula samaki, maji yale hayana kosa lolote. Ukipanda juu, panda na mtu wako na umshike. Na ukinikuta nimekaa pale ukingoni, ujue mimi sijarudi kule na sitarudi. Nitakuwa mpole. Nitakutajia yule uliyemzika, nitamtaja kwa jina mlilokuwa mnamwita nyumbani, nitakwambia hajakasirika na wewe, na utatamani sana kunisogelea. Okota jiwe. Mwenye sura hii nimekuruhusu. Piga, na hata nikikulilia, usinihurumie.